Sinema Bubu na Mwalimu Asemaye Mno

Mwalimu mwanafunzi anapokaguliwa katika mazoezi ya kufundisha, jambo aliogopalo kuliko yote ni kimya. Huiona dakika isiyo na sauti yake kuwa dakika iliyopotea, naye huijaza maneno. Sisi tunaona kinyume. Tunathubutu hata kusema kwamba wachekeshaji wa sinema bubu za Marekani wana mengi ya kumfundisha mwalimu wa Darasa la Kwanza kuliko baadhi ya vitabu vya mbinu tulivyovisoma.

Chukua filamu ya Charlie Chaplin iitwayo City Lights, iliyotolewa mwaka 1931, wakati filamu za mazungumzo zilikuwa zimekwisha kuenea. Ina muziki, lakini wahusika hawasemi. Humo Chaplin alikabiliwa na tatizo ambalo kila mwalimu atalitambua: atawaonyeshaje watazamaji, pasipo kusema, kwamba msichana kipofu auzaye maua amemdhania mzururaji fukara kuwa tajiri? Aliipiga picha sehemu hiyo mara nyingi mno, akaiacha, akairudia tena, hata akapata jibu. Mzururaji anavuka barabara iliyosongamana magari; anapita ndani ya gari la fahari lililosimama, anatokea upande wa pili na kuufunga mlango. Msichana ausikiaye mlango anamnyoshea ua. Punde mwenye gari anarudi, anaingia, gari linaondoka. Naye msichana anaamini kwamba mteja wake amekwenda zake bila kungoja chenji. Mlango ule haukuhitaji kutufikia masikioni. Tumeuona ukifungwa, tumemwona msichana akigeuka, basi tumeelewa.

Hapo jambo gumu limeelezwa kwa kupanga vitendo, kimoja baada ya kingine, si kwa kuongeza maelezo. Sasa mfikirie mtoto aliyeingia shuleni juzi, ambaye nyumbani husema Kisukuma au Kigogo, akifundishwa "ndani" na "nje". Mwalimu aelezaye maana ya "ndani" kwa maneno mengine ya Kiswahili anamwongezea mtoto huyo mzigo. Na aingie mlangoni, asimame, atoke, angoje macho ya watoto yamfuate. Ndipo alitaje neno, mara moja, kwa sauti ya kawaida. Mtoto asiyeelewa katika juma la kwanza huanza kunyamaza, na aghalabu huhesabiwa kuwa mzito kabla hajapimwa.

Buster Keaton, aliyezaliwa mwaka 1895 na kupanda jukwaani na wazazi wake tangu utotoni, anatupa somo jingine. Katika Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, ukuta mzima wa mbele wa nyumba unamwangukia, naye anasalimika kwa kuwa amesimama mahali hasa dirisha lililo wazi linapopitia. Nafasi iliyobaki pande zake ilikuwa ndogo sana, na ukuta ulikuwa mzito kweli. Alisimama pale kwa kuwa vipimo vilikwisha kuchukuliwa. Wanaodharau andalio la somo wangeutafakari ukuta huo. Tena Keaton hatabasamu. Huwaachia watazamaji kazi ya kucheka. (Mwalimu achekaye kichekesho chake kabla ya darasa tumemwona mara nyingi, na watoto humcheka yeye.)

Wako watakaosema kwamba tunataka kumgeuza mwalimu kuwa chale. La hasha. Wachekeshaji hao walijiangusha wenyewe. Mwalimu aigizaye mwendo wa mtoto achechemeaye, au kigugumizi chake, hana analofanana nao.

Filamu hizi zingepotea zaidi kama si wapenzi wake. Uchunguzi uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba, katika filamu ndefu za bubu karibu 11,000 zilizotolewa Marekani kati ya 1912 na 1929, ni asilimia 14 tu zilizosalia katika umbo lake la asili. Kevin Brownlow wa Uingereza alianza kuzikusanya akiwa bado mvulana. Mwaka 1983 yeye na David Gill waliwaonyesha watu vipande ambavyo Chaplin alikuwa amevitupa, na humo majaribio yake yanaonekana. Wengine huandika majarida yao wenyewe bila malipo, wakieleza kwa makini mguu uliteleza vipi na kofia iliangukia wapi.

Kazi hiyo ya kueleza ndiyo tunayoipendekeza vyuoni. Filamu nyingi za aina hii hutazamika leo hata kwenye simu. Kila mwalimu mwanafunzi aitazame dakika moja mara tatu, kisha aandike kilichotendeka, kwa vitenzi tu pale inapowezekana, pasipo kusema kwamba kinachekesha. Mwenzake, ambaye hajaitazama, ayasome maandishi hayo na kuyaigiza mbele ya darasa. Atakapokwama ndipo penye sentensi ya kusahihishwa.