Itiryo: Vaisi kwanza, grainda baadaye

Kwa mafundi wengi wa vijijini, mguu ndio jiliwa. Anayekaa kidogo kwenye kibanda cha fundi baiskeli, katika kata kama Itiryo wilayani Tarime, ataona nondo imekanyagwa kwa kandambili, msumeno wa chuma ukienda na kurudi, na kidole gumba kikiwa hatua ya ukucha kutoka kwenye meno yake. Bolti ya plau imeshikwa kwa koleo na kijana msaidizi huku fundi akiipiga tupa. Chuma kinacheza, hesi zinaliwa, na mwenye plau anaambiwa arudi kesho wakati ng'ombe wameshafungwa nira.

Dawa ya hayo ni kifaa ambacho kamusi inakiita jiliwa na mafundi wengi wanakiita vaisi: taya mbili za chuma, moja imetulia, nyingine inasogezwa na parafujo nene. Hakina waya wala mota. Umeme ukikatika, kazi ya vaisi inaendelea.

Ajabu ni kwamba kijana anayeanza ufundi hununua grainda kwanza. Inang'aa, inatoa cheche, inavuta wateja. Lakini grainda inayokata chuma kisichobanwa ni hatari kuliko msumeno: chuma kikigeuka kidogo tu, jiwe la kukatia linaweza kung'ang'ania na kupasuka.

Kwa upande wa mtaji, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejea mwaka uliofuata. Kikundi cha vijana kinapojaza fomu, wazo la kwanza huwa bodaboda. Lakini benchi imara, vaisi moja ya maana, tupa na seti ya kukatia hesi vingetosha kufungua karakana, na karakana haihitaji petroli kila asubuhi.

Vaisi ya maana ni ipi? Kwa kazi za nyumbani, taya za inchi 4 au 5 zinatosha. Mwenye kurekebisha plau na mageti atafute ya inchi 6. Dukani, rangi mpya isimpumbaze mtu. Afungue taya hadi karibu na mwisho, kisha ainue ile inayosogea: ikipandapanda, ni mbovu. Abane vipande viwili vya karatasi, kimoja kila pembe, avivute. Kimoja kikitoka kirahisi, taya hazikutani sawasawa. Aangalie pia kama bamba za taya zimefungwa kwa skrubu, maana zikilika hubadilishwa peke yake.

Kufunga nako kuna elimu yake. Bolti zipenye ubao hadi chini, juu ya mguu wa benchi, si katikati ambako mbao hunesa. Taya ya nyuma, ile iliyotulia, itokeze kidogo nje ya ukingo ili nondo ndefu ishuke wima hadi sakafuni. Kimo cha taya kiwe sawa na kiwiko cha mtumiaji aliyesimama. Asiye na benchi achimbie gogo zito ardhini. Linafanya kazi vizuri kuliko meza nyingi za dukani.

Kosa linaloua vaisi nyingi ni kuvisha bomba kwenye mpini ili kuongeza nguvu. Vaisi nyingi ni za chuma cha kumiminwa, na chuma hicho hakipindi kwanza, kinapasuka tu. Kufulia jembe juu yake ni kosa la namna hiyohiyo. Fuawe ni kitu kingine, na kipande cha reli kinafaa kabisa, ingawa treni haijawahi kufika Tarime.

Shule ya Ufundi Musoma, katika mkoa huohuo wa Mara, ni miongoni mwa shule kongwe za ufundi za serikali. Kijana aliyejifunza huko kupiga tupa mbele ya vaisi hapaswi kurudi nyumbani akabane chuma kwa unyayo.

Wasio na fedha za dukani wapite kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Humo, katikati ya sufuria zilizotoboka na rimu za baiskeli, huweza kutokea vaisi ya zamani ya chapa ya Record, iliyotengenezwa Sheffield, Uingereza, imeshika kutu lakini taya zake nzima. Mafuta ya taa, brashi ya waya na grisi kwenye parafujo huirudisha kazini. Muhimu ni kuiwahi kabla haijapakiwa kwenye lori, maana pale mizani inapima kilo tu.