Vita ya uzito Simiyu: Miguu inatembea, sahani je?

KABLA ya jua kupanda, kando ya barabara ya lami itokayo Bariadi kuelekea Maswa huonekana watembea kwa miguu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wasiokuwa na namna nyingine: mkulima mwenye jembe begani, mama mwenye beseni la mboga kichwani, mwanafunzi anayewahi namba shuleni.

Wa pili wamevaa raba na suti za michezo. Hawa ni watumishi wa ofisi na wafanyabiashara, na wengi wao hawaendi popote. Wanatembea kwa sababu wamepimwa, wakaambiwa kuwa shinikizo la damu limepanda au sukari imezidi, na kwamba dawa ya kwanza ni kupunguza mwili.

Kundi hili la pili ni zao la mabadiliko yaliyoufikia Mkoa wa Simiyu kwa kasi. Mkoa huo ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, Bariadi ikawa makao makuu. Sensa ya mwaka huo iliukuta na watu wapatao milioni 1.58, ile ya mwaka 2022 iliukuta na zaidi ya milioni 2.1.

Makao makuu ya mkoa huja na ofisi, ofisi huja na viti, na viti huja na watu wanaokaa kutwa. Pamoja na hayo zikaja lami, nyumba za wageni, vibanda vya chipsi na pikipiki za abiria. Mji uliokuwa wa baiskeli na miguu umekuwa mji wa bodaboda, ambazo ziliruhusiwa kisheria kubeba abiria kwa kanuni za mwaka 2010.

Si Bariadi peke yake. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa mwaka 2012 kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kuwa asilimia 26 walikuwa na uzito uliozidi, wakiwamo wenye unene wa kupindukia. Kwa wanawake kiwango kilikuwa asilimia 37, kwa wanaume asilimia 15. Katika utafiti huo huo, mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 walikuwa na sukari iliyozidi katika damu.

Tafiti za afya ya uzazi na idadi ya watu zinasimulia habari hiyo hiyo. Mwaka 1991/92 wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na uzito uliozidi walikuwa asilimia 11. Mwaka 2010 walifika asilimia 22, na mwaka 2015/16 asilimia 28. Kwa robo karne kiwango kimepanda zaidi ya mara mbili.

Serikali haikukaa kimya. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kuitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi nchini. Novemba 2019 ukazinduliwa Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza.

Viongozi wa mikoa na wilaya wakaitikia. Wakavaa fulana, wakatembea, wakapigwa picha. Swali ambalo halikuulizwa sana ni hili: baada ya matembezi, watembeaji walikwenda kunywa na kula nini?

Fundisho kutoka Bonde la Eyasi

Jibu la umuhimu wa swali hilo halihitaji kutafutwa mbali. Upande wa mashariki, Wilaya ya Meatu inapakana na Bonde la Ziwa Eyasi, makazi ya Wahadzabe, moja ya jamii chache duniani ambazo bado zina watu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Baadhi yao wamo ndani ya Meatu yenyewe.

Mwaka 2012 mtaalamu wa Marekani, Herman Pontzer, na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa kwa Wahadzabe 30. Watafiti walipima nguvu ambayo miili yao hutumia kwa siku, wakailinganisha na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoishi maisha ya kukaa.

Wanaume wa Kihadzabe walikuwa wakitembea wastani wa kilomita 11 kwa siku, na wanawake karibu kilomita sita. Kila mtu alitarajia kwamba nguvu wanayotumia ingekuwa kubwa kuliko ya karani wa New York. Haikuwa hivyo. Baada ya kuzingatia ukubwa wa miili, tofauti haikuonekana.

Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mwili hujirekebisha. Unapozoea kutembea sana, hubana matumizi yake kwingine, kama mwenye nyumba anayelipa ada ya shule kwa kupunguza gharama za sebuleni. Wanasayansi bado wanajadili ni kwa kiasi gani mwili hufanya hivyo, lakini funzo la msingi linakubaliwa na wengi: mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kuhitimisha kuwa kutembea hakuna faida. Uchunguzi mwingine wa Wahadzabe hao ulionyesha kuwa magonjwa ya moyo na shinikizo la damu si tatizo kubwa kwao, na kwamba hujishughulisha kwa nguvu zaidi ya saa moja kila siku hata wakiwa wazee. Miguu inaulinda moyo. Lakini kinachoamua ukubwa wa kiuno, kwa sehemu kubwa, ni kile kinachoingia mdomoni.

Hesabu ya soda moja

Hesabu ndogo inatosha kulithibitisha hilo. Mtu wa kilo 70 anayetembea kwa haraka nusu saa hutumia kalori zipatazo 110 hadi 150. Soda moja ya mililita 350 ina kalori karibu 150, na sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Kwa maneno mengine, aliyetembea asubuhi kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi, kisha akajipongeza kwa soda, amerudi pale alipoanzia.

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu itokanayo na chakula, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia tano. Kwa mtu mzima kiwango hicho cha pili ni kama vijiko sita kwa siku. Mtumishi anayekunywa vikombe vitatu vya chai, kila kimoja na vijiko vitatu, ameshakipita kabla ya kugusa soda au andazi.

Mafuta nayo yana hesabu yake. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori zipatazo 120. Simiyu ni mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, na mbegu za pamba hukamuliwa mafuta ya kula, hivyo chupa ya mafuta si kitu kigeni jikoni. Lakini kuna tofauti kati ya mboga iliyoungwa kwa kijiko kimoja na chipsi mayai, ambayo viazi vyake vimezama kwenye mafuta, vikatoka, kisha vikakaangwa tena na mayai.

Jambo la kutia moyo ni kwamba dawa ya sahani haihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Jiko la Kisukuma lina choroko, dengu na kunde, maziwa ya mgando, mlenda, na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa. Kutoka Busega, wilaya iliyo kando ya Ziwa Victoria, huja sato na dagaa. Ugali wa mtama, uwele au dona hushibisha muda mrefu kuliko wa sembe iliyokobolewa, kwa kuwa una makapi zaidi.

Tatizo la sahani ya mjini mara nyingi si ugali wenyewe bali ukubwa wake. Mkulima anayelima kwa jembe tangu alfajiri na karani anayeshinda kwenye kiti wanapakuliwa mlima ule ule. Karani akipunguza ugali au wali hadi robo ya sahani, akajaza nusu kwa mboga za majani na robo iliyobaki kwa maharage, choroko au samaki, anaweza kupungua bila kulala njaa.

Michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, ni mbadala mzuri wa maandazi kwa chai. Lakini navyo vina wanga mwingi, na karanga zinazoliwa navyo zina mafuta mengi. Chakula cha asili kikizidi kipimo nacho hunenepesha.

Kilo chache, faida kubwa

Wengi hukata tamaa kwa sababu hulenga kurudi kwenye mwili wa ujanani kwa miezi miwili. Sayansi haidai hivyo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia saba ya uzito wao na kujishughulisha dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformin, dawa ya kisukari, walipunguza kwa asilimia 31. Finland nayo ilikuwa imepata asilimia 58 hiyo hiyo mwaka mmoja kabla.

Kwa mtu wa kilo 80, asilimia saba ni chini ya kilo sita. Akipunguza nusu kilo kwa wiki, ni kazi ya kama miezi mitatu.

Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Hicho ndicho kima cha chini kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima, nalo linashauri kufika hadi dakika 300 kwa faida zaidi. Mwendo unaofaa ni ule unaomwezesha mtu kuongea lakini si kuimba. Aidha, kutembea kuna kazi nyingine: kilo zikishatoka, wanaoendelea kutembea ndio huweza kuzizuia zisirudi.

Tahadhari ni muhimu. Anayetumia dawa za kisukari asipunguze chakula ghafla bila kumwona daktari, kwani sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Anayepata maumivu ya kifua anapotembea asimame, aende hospitali.

Heshima ya kitambi

Kikwazo kingine hakimo sahani wala barabarani. Kwa miaka mingi kitambi kimekuwa cheti cha mafanikio. Mtu akiongezeka husifiwa kuwa amenawiri. Akipungua huulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa. Miaka ya Ukimwi usio na dawa iliongeza hofu hiyo, kwani wembamba ukawa tangazo la ugonjwa.

Kwa hiyo mama anayeamua kupunguza mwili Bariadi hupambana pia na maswali ya mawifi, majirani na wanakwaya wenzake. Mume anayeomba apakuliwe kidogo huonekana anakidharau chakula. Bila familia kuelewa, mpango mzuri wa lishe hufa mezani.

Ikumbukwe pia kwamba nchi hii bado ina udumavu: utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Ndiyo maana mikataba ya lishe ambayo wakuu wa mikoa walisaini mwaka 2017 na tena mwaka 2022 iliweka mkazo kwa watoto na wajawazito. Ni sahihi. Lakini nyumba moja inaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mama mwenye uzito uliozidi, na chanzo kikawa kimoja: chakula kingi cha aina moja. Afisa lishe anayefundisha mlo kamili kwa mtoto hana sababu ya kumwacha mama yake.

Halmashauri nazo zina nafasi. Njia za waenda kwa miguu zisigeuzwe maegesho ya pikipiki na meza za biashara. Semina na vikao vya Serikali, ambavyo chai yake ni soda na maandazi, vinaweza kuanza kuweka maji, matunda na karanga kiasi. Gharama haiongezeki sana, na ujumbe unaeleweka kuliko hotuba.

Kuna msiba unaojirudia mijini: mwenye nyumba anaanguka ghafla, nusu ya mwili inapooza, duka linafungwa, watoto wanarudishwa shule kwa kukosa ada. Jamaa husema ni mkono wa mtu. Mara nyingi ni shinikizo la damu lililokaa miaka bila kupimwa.

Simiyu bado ina bahati ambayo miji mikubwa imeipoteza. Umbali wa Bariadi bado unatembeka, na mboga za asili bado zipo sokoni kwa bei nafuu. Wenye raba wanaotoka alfajiri wameanza vizuri. Kazi iliyobaki inawasubiri wanaporudi nyumbani, pale kifuniko cha chungu kinapofunuliwa.