Anayeuliza Bei ya Usalama si Adui wa Serikali

Tangu Agosti 2024, wanasiasa wa chama cha ODM walipoingia katika Baraza la Mawaziri, na zaidi baada ya mkataba wa Machi 2025 kati ya Rais William Ruto na marehemu Raila Odinga, pamezuka hapa Manyatta kauli ambayo hatuwezi kuiacha ipite kimya. Inasemwa kwamba sasa tumo ndani, na aliye ndani hapigi kelele mlangoni. Inasemwa kwamba anayehoji fedha zinazotengewa polisi, ujasusi na Wizara ya Usalama wa Ndani anawaharibia wenzetu meza. Sisi tuliopigania kufutwa kwa kifungu cha 2A, kilichoondolewa katika Katiba ya zamani Desemba 1991, hatukupigania haki ya kubadilishana viti. Tulipigania kuwepo kwa mtu ndani ya Bunge ambaye kazi yake halali, inayolipwa kwa kodi yetu, ni kuuliza fedha zimekwenda wapi. Mtu huyo akikosekana, sisi wa mitaa hii ndio wa kwanza kulipa, na historia ya namna tulivyolipa inajulikana.

Tukumbuke Aprili 2004. Mbunge wa Ntonyiri, Maoka Maore wa KANU, alisimama Bungeni akawasilisha hati kuhusu zabuni ya mitambo ya kutengeneza pasipoti. Kampuni ya Kifaransa ilikuwa imeikadiria kazi hiyo kwa takriban yuro milioni 6. Serikali ikatia sahihi kwa zaidi ya yuro milioni 30 na kampuni iliyoitwa Anglo Leasing, ambayo ingewapa Wafaransa wale wale kazi ile ile. Wapelelezi walipoitafuta Anglo Leasing hawakukuta kiwanda wala mhandisi. Walikuta jina na anwani. Uzi ule ulipovutwa, nguo nzima ikafumuka: mikataba 18, mingi ikiwa ya vyombo vya usalama, yenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 50. Mmojawapo ulikuwa wa maabara ya uchunguzi wa jinai kwa ajili ya idara ya CID.

Lililotushangaza wakati ule, na linalotushangaza hata leo, ni kwamba mwaka huo huo wa 2004 malipo ya awali yalianza kurudi Benki Kuu ya Kenya bila mtu kujitokeza kusema ni nani anayerudisha. Katika uwakili wetu tumeona wadaiwa wa kila aina. Mdaiwa anayelipa kabla ya kushtakiwa, tena akificha uso, ni wa nadra. John Githongo, aliyekuwa Katibu wa Kudumu wa masuala ya utawala bora na maadili, alijiuzulu Februari 2005 akiwa London. Mwaka mmoja baadaye Waziri wa Fedha, David Mwiraria, naye akajiuzulu.

Hapa wanamageuzi tunapaswa kukubali jambo chungu. Aliyeuliza alikuwa mtu wa KANU, chama ambacho tulikiita mama wa ufisadi, na baadhi ya mikataba hiyo ilitiwa sahihi KANU yenyewe ikitawala. Walioulizwa walikuwa NARC, serikali tuliyoiimbia tukaipigia kura kwa wingi Desemba 2002. Wengi wetu wakati ule tulisikika tukisema kwamba Maore hana haki ya kunyoosha kidole. Je, hati alizoziwasilisha zilikuwa za uongo? La. Basi haki aliipata kwa hati zake wala si kwa usafi wa chama chake. Siasa za vyama vingi hazidai kwamba mpinzani awe malaika. Hudai tu kwamba awe na sababu ya kutazama pale ambapo mwenye serikali asingependa patazamwe.

Msomaji wa Manyatta huenda akauliza: pasipoti na maabara za Nairobi zinatuhusu nini sisi ambao usalama wetu ni taa ya barabarani iliyozimika na mlinzi tunayemchangia mtaani? Zinatuhusu sana.

Mnamo Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, vijana wawili walipigwa risasi na polisi pale Kondele, mwendo mfupi kutoka hapa, mbele ya kamera ya televisheni. Nchi nzima iliona. Afisa mmoja akashtakiwa kwa mauaji. Juni 2010 Mahakama Kuu ikamwachilia huru, kwa sababu bunduki ambayo mtaalamu wa silaha aliitaja kuwa ndiyo iliyoua haikuwa na nambari sawa na ile iliyothibitishwa kuwa alikabidhiwa. Hatumlaumu jaji. Shaka ni mali ya mshtakiwa, na wakili yeyote anayejua kazi yake angesimama juu ya nambari hiyo asishuke. Wala hatudai kwamba maabara iliyolipiwa hewani ingalizuia kosa hilo, kwani kitabu cha ghala la silaha hakihitaji mitambo ya Ulaya, kinahitaji kalamu na mtu mwaminifu. Tunalosema ni kwamba dola iliyoweza kuahidi mabilioni kwa kampuni isiyoonekana ilishindwa kuieleza mahakama bunduki moja ilikuwa mikononi mwa nani siku moja.

Tume ya Jaji Philip Waki iliyochunguza ghasia zile ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini kote, na kati yao 405 walikufa kwa majeraha ya risasi. Hapa Kisumu risasi ndiyo iliyoua zaidi ya panga. Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza. Wazee wetu wanakumbuka tarehe 25 Oktoba 1969, siku Mzee Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali ambayo hadi leo tunaiita Russia. Alirushiana maneno makali hadharani na Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani wa wakati huo, kisha walinzi na polisi wakaufyatulia umati risasi. Hesabu rasmi ilikuwa watu 11, hesabu ambayo Kisumu haijawahi kuiamini. Siku chache baadaye chama cha KPU kikapigwa marufuku. Nchi ikabaki bila mpinzani wa kuuliza waliokufa ni wangapi, na hata leo swali hilo halina jibu la serikali.

Agosti 2017 mtoto wa miezi sita aliuawa Nyalenda, polisi walipoingia nyumba kwa nyumba usiku baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa. Februari 2019 hakimu wa Kisumu aliyechunguza kifo hicho aliamua kwamba polisi ndio wa kulaumiwa, wakiwemo makamanda. Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akaidhinisha maafisa 12 washtakiwe. Kutoka kifo hadi uamuzi wa kushtaki, miaka mitano. Mwaka ule ule wa 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo, ambayo ingetupa ofisi huru ya kuchunguza kila kifo cha namna hii badala ya polisi kujichunguza. Rais akatia sahihi. Kisha sheria ikakaa kabatini mwaka baada ya mwaka, haina ofisi, haina watumishi, haina fungu la fedha la maana. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 Huduma ya Taifa ya Polisi ilitengewa zaidi ya shilingi bilioni 100. Msituambie, basi, kwamba fedha hazikuwepo.

Tunajua jibu la wakubwa. Usalama wa taifa, wanasema, hauwezi kuanikwa kama dagaa wa Dunga. Tunakubali kwamba jina la jasusi halichapishwi gazetini. Lakini bei ya gari, idadi ya risasi zilizonunuliwa na kutumika, na jina la kampuni iliyouza, hizo si siri za vita. Kifungu cha 201 cha Katiba kinaagiza uwazi na uwajibikaji katika fedha zote za umma, na hakikuiacha Wizara ya Usalama nje ya mlango. Kifungu cha 238 kinasema usalama wa taifa uko chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge. Wahenga wetu walisema mficha uchi hazai, na serikali inayoficha hesabu za polisi haijazaa usalama.

Upinzani ulipoamka, faida ilionekana. Mwaka 2014 serikali ilipoamua kuzilipa kampuni mbili za mkumbo ule wa Anglo Leasing takriban shilingi bilioni 1.4, ili njia ya kuuza hatifungani za Eurobond isafishike, muungano wa CORD ulipiga kelele. Fedha zililipwa, ndiyo, lakini hazikulipwa gizani. Mwaka huo huo serikali iliipa kampuni ya simu ya Safaricom mkataba wa mawasiliano na kamera za polisi wa shilingi bilioni 14.9 bila zabuni ya wazi. Kamera hizo zilikuwa za Nairobi na Mombasa. Kisumu tuliusikia mkataba huo redioni. Na Desemba sheria za usalama zilipopitishwa Bungeni katikati ya vurugu, CORD ilikwenda mahakamani, na tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wakavifuta vifungu vinane. Huo ndio upinzani tunaoutaka: wenye hati mkononi na wakili kando.

Baadaye ukaja mkono wa heri wa Machi 2018, na sauti ikapungua. John Mbadi alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Uhasibu, inayoikagua Hazina ya Taifa, hadi Agosti 2024 alipofanywa Waziri wa Hazina hiyo. Hatusemi ni kosa kwa mtu wetu kuwa waziri. Tunasema kiti alichokiacha ni muhimu kuliko alichokikalia, na wilaya zote za ufuo huu zingefaa kuomboleza kikikaliwa na mtu wa kuitikia tu. Katika maandamano ya Juni na Julai 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 60 waliouawa. Waliandamana kuhusu kodi na matumizi, wakajibiwa kwa risasi zilizonunuliwa kwa kodi hiyo hiyo.

Kifungu cha 221 kinailazimu kamati ya Bunge la Taifa kutafuta maoni ya wananchi kabla ya makadirio ya matumizi kupitishwa. Tunawaomba wasomaji watume barua zao kwa Karani wa Bunge na waulize mambo mawili tu: huduma ya wachunguzi wa vifo imetengewa kiasi gani, na Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, imetengewa kiasi gani kulinganisha na ununuzi wa silaha na vitoa machozi. Nakala ipelekwe kwa mbunge. Manyatta imegawanywa, sehemu moja iko Kisumu Mashariki na nyingine Kisumu ya Kati, kwa hiyo tunao wabunge wawili wa kuwauliza, na kila mmoja ana ofisi ambayo mlango wake uko wazi kwa mpiga kura siku za kazi.