Nyumba ya Krapf: Na Wengine Je?

Sisi wa Timbwani tukitaka kuziona nyumba za kale za wamisionari, twavuka feri, twapita Changamwe hadi Mazeras, kisha twaingia njia ya Rabai. Huko ndiko Wajerumani wawili, Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, walikohamia mwaka 1846. Nyumba zao zingali zipo, na jirani yake pana makumbusho.

Baadhi ya wenzangu wasema, "Hayo ni mambo ya kanisa. Chama cha Kiswahili yatuhusu nini?" Mimi nasema yatuhusu sana. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Julai mwaka huo huo mkewe Rosina na mtoto wao mchanga walifariki, wakazikwa huku bara. Hata hivyo hakuacha kujifunza Kiswahili. Sarufi yake ilichapishwa mwaka 1850, na kamusi yake mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Lakini nauliza: maneno yale aliyapata wapi? Hakuzaliwa nayo! Kabla hata ya kwenda Rabai, Sheikh Ali bin Muhedin, kadhi wa Mombasa, alikaa naye na kumsaidia. Rebmann naye, aliyeishi huku miaka 29, alifunzwa Kinyasa na Salimini, mtumwa aliyeletwa kutoka pande za Ziwa Nyasa. Na Rebmann aliporudi Ulaya mwaka 1875, macho yakiwa yamemharibikia, aliyemwongoza njiani ni Isaac Nyondo wa Rabai, mwana wa Abe Gunja.

Kadhi, mtumwa, na kijana wa Rabai: hawa nao ni watu wa nyumba zile. Twazitaja nyumba kwa majina ya wageni wawili tu, kana kwamba wenyeji walikuwa wakipita njia! Ati kamusi ilijiandika yenyewe? Hasha! Asiyejua kwamba kadhi wa Mombasa alikuwa mwalimu ataona Kiswahili chetu kililetwa na meli.

Kwa hiyo, walimu wetu, naomba ziara ya chama iwe Rabai. Nanyi wenzangu, mkifika, msitosheke na kupiga picha tu. Ulizeni: nani alijenga, nani alipika, nani alifundisha? Tukirudi, tuyaandike majina yao hapa gazetini. Kuta zaweza kukarabatiwa. Jina likishasahauliwa, halina fundi.