Tahadhari: Usichome Mkebe Usioujua

Kiangazi kimefika, na sisi wa kusini mwa Maniema tunajua kazi zake. Paa linafumuliwa, stoo inafagiliwa, takataka zinarundikwa nyuma ya nyumba na kutiwa moto. Mwaka huu, ndugu yangu wa Kasongo au Kabambare, kabla hujawasha kiberiti, tazama tena hilo rundo. Ukiona mkebe wa bati, wa mviringo, bapa kama sahani, umeshika kutu, na ndani yake kuna mkanda ulioviringwa wenye vitundu pembeni, simama hapo hapo. Usiutupe motoni. Usiubandue kwa nguvu. Usimwachie mtoto auchezee. Mkebe huo unaweza kuua watu wa nyumba nzima. Tena unaweza kuwa umebeba picha ya kijiji cha babu yako ambayo haipo mahali pengine popote duniani.

Kwanza niseme juu ya kifo, kwa sababu mtu akishakufa hana filamu ya kuhifadhi.

Tangu sinema ilipoanza hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, mikanda mingi ya upana wa milimita 35 ilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi. Maana yake ni pamba iliyopitishwa katika asidi kali, jamaa wa karibu wa baruti. Wazee wetu waliolazimishwa kulima pamba enzi ya Mbelgiji walijua uzito wa gunia lake. Sura hii nyingine ya pamba hawakuonyeshwa. Mkanda wa nitrati ukishashika moto hauhitaji hewa ya nje, kwani hewa ya kuuwakisha unaitoa wenyewe. Ukiumwagia maji, unaendelea kuwaka. Ukiufukia kwa mchanga, unaendelea kuwaka. Na ule uliokwisha kuoza unaweza kujiwasha bila kiberiti, ukikaa muda mrefu katika joto lililozidi kidogo digrii 40. Aliyewahi kupanda darini chini ya mabati saa nane mchana, mwezi wa nane, anajua kwamba joto hilo tunalo.

Moshi wake ni mbaya kuliko moto. Tarehe 15 Mei 1929, katika hospitali moja ya mji wa Cleveland, Marekani, picha za eksirei zilizotengenezwa kwa nitrati ziliwaka katika chumba cha chini. Watu 123 walikufa, na wengi wao hawakuguswa na mwali. Waliuawa na gesi, wengine wakiwa wamekwisha kutoka nje na kudhani wamepona. Kwa hiyo tahadhari hii inawahusu pia wenye kutunza hospitali na zahanati za zamani. Karatasi za eksirei za kabla ya Vita Kuu ya Pili nazo ni za kuogopwa.

Jambo la pili ni kwamba uharibifu huu unaambukiza. Mkanda unaooza hutoa gesi ya asidi, na gesi hiyo huula mkanda wa jirani, kama surua inavyopita kitanda kwa kitanda katika nyumba yenye watoto wengi. Nitrati huanza kwa kugeuka rangi ya kahawia na picha kufifia. Kisha inanata. Kisha inatoa mapovu na harufu inayochoma pua. Kisha inagandamana kuwa bonge moja, na mwisho inabaki unga wa rangi ya kutu. Mikanda ya asetati, iliyokuja baadaye na isiyolipuka, ina ugonjwa wake: inanuka siki, inajikunja, inasinyaa, na siki hiyo nayo inahamia kwa wenzake. Mkebe mmoja mgonjwa ukiachwa katikati ya kumi mizima, yote kumi na moja imo hatarini. Ndiyo maana nasema tufanye haraka.

Mtu ataniuliza: filamu za zamani zitatoka wapi huku kwetu? Zitatoka kwa njia zile zile walizopita wenye kuzileta. Mapadri Weupe walifika Kasongo mwaka 1903. Reli kati ya Kindu na Kongolo ilikamilika mwaka 1910, ikafungua upande huu wa Lualaba kwa maofisa, wafanyabiashara na mizigo yao. Karibu na mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Ubelgiji ilimtuma Kapteni Ernest Gourdinne kupiga picha za sinema Kongo. Katika miaka ya 1920 akaja Ernest Genval, aliyezunguka nchi akitengeneza filamu kwa ajili ya serikali na makampuni. Kazi yake kubwa, Le Congo qui s'éveille, ilitoka mwaka 1927. Kabambare ilikuja kuwa na wachimba dhahabu wa Namoya, na makampuni ya migodi yalipenda kupiga na kuonyesha sinema. Baada ya hao yalibaki nyuma maghala, nyumba za misheni, ofisi za teritware na masanduku yasiyofunguliwa kwa miaka sitini.

Filamu hizo nyingi ni bubu. Sauti haikuwamo ndani ya mkanda. Alikuwapo mtu aliyesimama kando ya kitambaa cheupe na kueleza kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali yanayopita. Desturi hiyo haikuisha sauti ilipoingia katika sinema za Ulaya. Hapa Kongo mikanda bubu ya misheni na ya serikali iliendelea kuonyeshwa kwa maelezo ya mdomo hadi miaka ya 1950. Kwa hiyo mkanda usio na sauti unaweza kuwa wa 1920, au wa mwaka ambao mama yako alikuwa msichana.

Utaujuaje bila kuuharibu? Chukua rula ya mwanafunzi, upime ubavu wa mkanda ukiwa umeviringwa vile vile. Ukiwa na milimita 35, uhesabu kuwa nitrati mpaka mjuzi aseme vinginevyo. Ukiwa na 16, ni wa aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1923 kwa plastiki isiyolipuka. Ukiwa na 9 na nusu, na vitundu vyake viko katikati badala ya pembeni, ni mkanda wa kampuni ya Pathé wa kuonyeshwa nyumbani, ulioanza mwaka 1922. Pembeni mwa mkanda huweza kuonekana herufi: NITRATE ni hatari, SAFETY ni nafuu. Mikanda ya Kodak kuanzia mwaka 1916 ina alama ndogo za duara, mraba na pembetatu zinazotaja mwaka wa kutengenezwa. Lakini alama hizo hurudi kila baada ya miaka 20, hivyo ya 1917 ni sawa na ya 1937. Hapo alama pekee haitoshi. Anahitajika mtu wa kutazama picha na kusema ni nani huyu, ni wapi hapa.

Mtu huyo yuko kwetu, na yeye pia hatadumu.

Marekani, nchi yenye maktaba na fedha, ilitengeneza filamu ndefu bubu karibu 11,000. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la nchi hiyo mwaka 2013 ulionyesha kwamba ni asilimia 14 tu zilizobaki kamili katika umbo lake la asili. Mwaka 2012 maktaba hiyo ilianza kukutanisha wajuzi kule Culpeper, Virginia. Filamu isiyo na jina iliwekwa mbele yao, na yeyote aliyetambua gari, kofia, duka au sura ya mchezaji alipaza sauti pale pale gizani. Filamu nyingi zimepata majina kwa njia hiyo. Lakini Culpeper yote haina mtu wa kupaza sauti na kusema: hii ni Nyangwe siku ya soko, ule mti ulikuwa mbele ya msikiti wa Kasongo, msuko huu ni wa wanawake wa Kabambare, yule mwenye kanzu ni shemeji ya bibi. Ujuzi huo uko katika vichwa vya wazee wetu wa miaka themanini na tisini. Mkanda ukipona na wazee wakaondoka, tutabaki na picha za watu wasio na majina.

Basi fanyeni hivi.

Fungueni madirisha na milango kabla ya kuingia stoo mnayoishuku. Msivute sigara humo, msiingie na buji wala kibatari. Mwanga wa simu unatosha. Mikebe iliyo darini ishusheni asubuhi mapema kabla bati halijapata moto. Iwekeni katika kibanda cha matofali kilicho mbali na nyumba ya kulala, penye kivuli cha mwembe na hewa inayopita, isiguse sakafu, isifungwe ndani ya mfuko wa plastiki. Unaonuka siki na unaonata utengwe na mizima, na ile ya milimita 35 itengwe na mingine yote. Ukikuta mapovu, bonge au unga, usiguse. Ondoa watu na utoe taarifa.

Usiutie mkanda katika projekta, hata kijana wako akijisifu kwamba ameitengeneza. Usiupakie kwenye pikipiki, lori wala ndege ndogo ya kwenda Kindu au Bukavu. Nitrati ni mzigo wa hatari na ina masharti yake ya kusafirishwa. Usimuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu anayetaka bati, wala anayesema atauchoma mkanda apate madini ya fedha yaliyomo ndani. Kiasi atakachokulipa hakitafika bei ya gunia la mchele, na moto ataufanya uani kwako.

Piga picha ya mkebe kwa nje na maandishi yote ya kifuniko. Andika ulipatikana wapi, lini, katika jengo la nani. Kama kuna sahani za santuri au karatasi pembeni yake, visitenganishwe: huenda ndiyo sauti yake, huenda ndilo jina lake. Kisha peleka habari, si mkebe, kwa ofisi ya teritware, kwa parokia kama jengo ni la misheni, na kwa Taasisi ya Makumbusho ya Taifa kule Kinshasa. Wajuzi wa filamu za Kongo wapo pia Brussels, katika Cinematek, na Tervuren, katika Jumba la Makumbusho ya Afrika. Wakija au wakiomba, wapokeeni kwa heshima na kwa maandishi: mwenye mkanda ni nani, unakwenda wapi, na nakala inarudi Kasongo lini. Mali isiondoke tena bila karatasi.

Wala msisubiri mkebe upatikane ndipo mwanze. Jioni hii, baada ya chakula, muulize mzee wa nyumbani: sinema ya kwanza uliiona wapi, nani aliieleza, ulimwona nani unayemjua ndani yake? Yaandike majibu katika daftari, pamoja na jina lake na tarehe. Siku mkanda utakapotokea, daftari hilo ndilo litakalousemea.