Akaunti Iliyofungwa na Anwani Iliyopotea

Aghalabu mtu hutanabahi thamani ya anwani yake ya barua pepe siku ile akaunti yake nyingine inapofungwa, akatakiwa athibitishe kuwa ndiye mwenyewe, na msimbo wa uthibitisho ukapelekwa katika sanduku ambalo hana tena njia ya kulifungua. Wala anwani iliyoachwa haikai ikimngoja mwenyewe: mwaka 2013 Yahoo iliwagawia watu wengine majina yaliyokuwa hayatumiki, na tangu Desemba 2023 Google imeanza kuzifuta akaunti za watu binafsi zisizoguswa kwa muda wa miaka 2. Laini ya simu nayo, ikikaa mno bila kutumika, hurudishwa sokoni, na msimbo ukaangukia mkononi mwa mgeni.

Lawama hatuwezi kuzitupa zote kwa mtumiaji, kwani kampuni hizi, pamoja na ukwasi wao wote, aghalabu humwachia mhitaji kujibizana na mashine isiyojua huruma, na katika pengo hilo ndimo waingiamo matapeli wanaodai kuirejesha akaunti kwa ujira. Asilipwe hata mmoja wao.

Tunawasihi wasomaji, maadamu akaunti zao zingali wazi, wahakikishe anwani na namba zao za akiba, na waziandike karatasini zile namba 10 za dharura ambazo Google humpa mwenye akaunti azitakaye, kila moja ikitumika mara moja tu, wakaziweke pamoja na hati za nyumba.