Kabla ya Kununua Kiwanja, Uliza: Mama Yuko Wapi?

Miongoni mwa mashauri yanayoletwa parokiani, yale ya viwanja na nyumba hayakosekani. Namkumbuka mama mmoja aliyefika ofisini na watoto watatu, sufuria zake zimefungwa katika kanga. Mumewe, mvuvi, alikuwa amehamia visiwani, na akiwa huko aliuza nyumba yao ya vyumba viwili bila kumwambia. Siku ya pili akaja mnunuzi. Alikuwa mwalimu, amekopa katika chama cha akiba na mikopo, na mkononi ameshika karatasi ya daftari yenye sahihi mbili na mhuri wa mtaa. Naye alilia. Nyumba ilikuwa moja, waliodhulumiwa walikuwa wawili, na fedha zilikwisha kutumika.

Tumezoea kumlaumu mwuzaji, na ni haki yake kulaumiwa. Lakini leo nasema na mnunuzi. Asiyeuliza maswali kabla ya kununua huiweka akiba yake hatarini, na zaidi ya hayo aweza kuwa mkono wa pili wa dhuluma asiyoikusudia.

Hali ya mji wetu yajulikana. Mwanza imekaa juu ya mawe, kati ya ziwa na vilima, na ardhi tambarare ni haba. Mwenye kipato kidogo hupanda milima ya Mabatini, Igogo au Kitangiri, ama hutoka nje hadi Buswelu, Igoma, Buhongwa na Kisesa, ambako mashamba yanageuzwa kuwa viwanja. Mlimani wengi walijenga kabla ya upimaji. Urasimishaji umewapatia baadhi yao hati, wengine bado. Huko pembezoni shamba moja la ukoo laweza kuuzwa na ndugu watatu kwa wanunuzi watatu. Kati yao hupita dalali, akisema kwamba mteja mwingine anakuja jioni na fedha taslimu.

Yafaa tukumbuke msingi wa sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Tunachouziana ni haki ya kuimiliki na kuitumia. Kwa hiyo haitoshi kujua nani anakaa mahali pale. Yatupasa kujua haki hiyo imeandikwa wapi, na kwa jina la nani. Mhuri wa mwenyekiti wa mtaa washuhudia kwamba watu fulani walikutana wakapatana. Hauwezi kumpa mtu haki ambayo mwuzaji hakuwa nayo.

Maandiko Matakatifu yanatupa mfano mzuri katika sura ya 32 ya kitabu cha nabii Yeremia. Yerusalemu ulikuwa umezingirwa na Wababeli, naye nabii yuko kifungoni, lakini alinunua shamba la jamaa yake huko Anathoti. Alipima shekeli 17 za fedha mbele ya mashahidi, akaandika hati, akaitia muhuri, akaacha na nakala iliyo wazi, kisha akaagiza zote zihifadhiwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Ikiwa mtu wa Mungu, mjini mwenye vita, alipata nafasi ya kufanya yote hayo, sisi tunakimbilia nini?

Basi, tufanyeje? Kwanza, nenda mwenyewe ukakague mahali hapo mchana, na urudi tena baada ya mvua kubwa. Tazama maji yanakopita kati ya mawe. Karibu na ziwa au mto, kumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kupita hata kimo cha mwaka 1964, na waliojenga karibu mno na maji walipata hasara.

Pili, zungumza na majirani wa pande zote nne, bila dalali kuwapo. Wao ndio wanaojua mpaka ulipo na kama pana kesi.

Tatu, kama kiwanja kimepimwa, chukua namba yake na ya kitalu, ufanye upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ili ujue jina lililosajiliwa, na kama kimewekwa rehani au kina zuio. Kama hakijapimwa, ulizia katika ofisi ya ardhi ya Jiji au ya Manispaa ya Ilemela iwapo eneo hilo limetengwa kwa barabara, shule au matumizi mengine. Kama ni ardhi ya kijiji, usitoe hata shilingi kabla ya kufika mbele ya halmashauri ya kijiji.

Nne, na hili ndilo kubwa: uliza mama yuko wapi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Usitosheke na maneno kwamba amesafiri. Mwone, msikie, naye atie sahihi. Na ikiwa mwenye mali amefariki, dai barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi, kisha ujue wajane na yatima wanasemaje.

Tano, mkataba uandikwe mbele ya wakili, fedha zipitie benki, na uhamisho wa milki usajiliwe. Lipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka, utunze stakabadhi, na nakala moja uiweke mbali na nyumba.

Najua wengine watasema kwamba haya yote yana gharama, na maskini hawana. Ni kweli. Lakini gharama ya wakili ni ndogo kuliko ile ya kesi. Tangu mwaka 2021 baraza la kata husuluhisha tu. Uamuzi hutafutwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na safari hiyo ni ndefu. Tena hapa Jumuiya Ndogondogo zina kazi. Mwanajumuiya anapotaka kununua, wawili watatu wamsindikize kukagua na kuuliza. Tunasindikizana kwenda kuposa. Kwa nini mtu aende peke yake kununua ardhi ya watoto wake?

Lile shauri la yule mama lilichukua zaidi ya miaka miwili. Baraza lilimwacha akae katika nyumba yake. Mwalimu bado analipa mkopo wa nyumba asiyolala ndani yake, na mvuvi hajarudi. Swali moja tu, lililoulizwa mapema mlangoni pa nyumba ile, lingaliwaokoa wote wawili.